Mtoto wa Masika Mbele ya Tanuri

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akichoma mikate ya mofa kwetu Unguja. Tanuri lake la udongo lilisimama uani kama mtungi mkubwa ulozikwa nusu. Hakuwa na saa wala kipimo. Akipandisha mkono wa gauni, akitia mkono tanurini mpaka kiwikoni, huku akisoma Kulhuwallahu. Akiimaliza sura, moto bado. Moto ukimshinda katikati, basi wakati wa mikate umefika. Mkono wake wa kulia haukuwa na laika hata moja.

Siku moja nikamuuliza, "Mama, mie ulinizaa lini?"

"Masika, mwanangu. Mvua iliingia tanurini, siku tatu mtaa mzima haukula mofa. Watu walinuna kuliko walivyofurahi."

Hiyo ndiyo shahada yangu ya kuzaliwa. Nyengine sina.

Tulipokuja Maskati, miaka ya sabini, karani wa pasi alimuuliza baba tarehe yangu. Baba akamwambia masika. Karani akauliza masika ni mwezi gani. "Ni mvua, bwana," baba akasema. Karani akacheka, akaandika tarehe mosi Januari, kama alivyowaandikia walokuwa mbele yetu kwenye foleni. Ndiyo maana nyumbani kwetu Bawshar mie, mke wangu Zuwena na shemeji yangu, kwa pasi, tumezaliwa siku moja. Zuwena husema tungelikuwa watu wa kusherehekea, keki moja ingetutosha.

Sasa nyie vijana mnaniuliza khabari za kazi, na mie naanza na mikate. Nivumilieni, nakuja huko huko.

Kwanza n'likuwa dereva wa wizara moja Al Khuwair, nikimwendesha mkubwa asiyependa redio wala mazungumzo. Miaka mingi ya kimya ile. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nikasikia Rusayl kumefunguliwa kiwanda cha vyetezo vya udongo vya kufukizia udi na finjani za kahawa. Nikaenda. Siku ya kwanza tulisimama wanaume kumi na kitu mbele ya meza ya mudiri, mkubwa wa kiwanda, pasi zetu zimepangwa. Pembeni yake alikaa Mchina mmoja mwembamba, fundi mkuu wa tanuri, akiitwa Lin. Alikuwa akifungua pasi moja moja, hatazami picha, anatazama tarehe. Huku kidole gumba chake kinapita juu ya pingili za vidole vyengine, kama mtu anayevuta tasbihi asiyokuwa nayo.

Alipofika kwangu akanyanyua uso. "Huyu," akasema. "Huyu wa tanuri."

Mudiri akauliza kwa nini, mtu mwenyewe dereva.

"Kazaliwa baridi kali. Baridi ni maji. Maji yameganda. Huyu anataka moto."

Kiarabu chake kilikuwa cha kuokoteza viwandani, na changu hakikukipita sana, kwa hivyo tulifahamiana vizuri. Baadaye alinifundisha ilimu yake yote, kwa vipande, tukingoja tanuri lipoe. Alisema mwaka unakupa mnyama, panya au farasi, na hilo watu hulipenda kwa mchezo. Msimu ndio mzazi wako. Alozaliwa majani yanapochipua ni mti: mpole, lakini anapanda tu, humrudishi chini. Wa kiangazi ni moto: mkarimu, mwenye kelele, anachoka upesi. Wa majani yanapopukutika ni chuma: anakata, hapindi. Wa baridi ni maji: anafikiri sana, anaficha mambo. Na siku za mwisho za kila msimu ni za udongo, watu wa kubeba wenzao. Hakuna alozaliwa vibaya, alisema. Kila mtu msimu wake umempa kitu kwa wingi na kitu umemnyima. Bahati yako iko kwenye kile ulichonyimwa. Kitafute, ukae karibu nacho.

Nilitaka kumwambia kwamba Januari ya kwetu Unguja watu hulala uani kwa joto. Nilitaka kumwambia pia kwamba hata hiyo Januari si yangu, ni ya karani. Lakini n'lishachungulia tundu la tanuri. Lilikuwa na harufu ile ile ya uani kwa mama. Nikanyamaza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chetezo kikishakauka kinapata mchomo wa kwanza, unaoufanya udongo uwe mgumu kama mfupa. Kisha kinachovywa kwenye glazi, maji mazito ya mchanga na rangi, kinarudi motoni na yale maji yanageuka kioo. Ndani tukiweka koni, vinara vidogo vya udongo urefu wa kidole. Ukichungulia ukaona vimeinama kama watu kwenye rukuu, moto umetosha. Mashine ya kupimia joto ilikuwepo, lakini Lin aliamini koni. N'lipomwonyesha kipimo cha mama, wakati wa kupoa si wakati wa kuchoma, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo, tanuri likikaribia kufunguliwa, alikuwa akiniita, "Nassor, njoo na mkono wa mama."

Siku moja mudiri alikuja akamtania. "Na mie, ustadhi? Mama alinizaa wakati tunavuna tende."

"Kiangazi," Lin akajibu bila kunyanyua kichwa. "Ndiyo maana tunakusikia kabla hujafika."

Mudiri akacheka, kilemba kikaenda upande. Na mie hapo hapo ningeweza kusema: basi na mimi masika, mvua ilizima tanuri. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikageuka kupanga koni. Niliogopa kurudishwa kwenye gari na kile kimya.

La ajabu, mambo yangu yalinyooka. Baada ya miaka kumi na moja ya ndoa tukapata binti. Nikamwambia Zuwena, Mchina ana lake analolijua. Akaniangalia. "Kama nyota ni ya karani wa pasi," akasema, "basi hata ridhiki unakula ya karani. Mwambie mwenzio ukweli, baba. Utakuja kumponza."

Sikumwambia. Miaka tisa.

Niseme na mwisho wa kazi kabisa, maana nikishalieleza lililobaki sitakuwa na hamu ya kuendelea. Baadaye nilihamishwa idara ya kukanda udongo, kazi ya maji na ubaridi, kikohozi nilichokipata tanurini kikatulia. Nikastaafu tarehe mosi Januari, siku ya karani, nikapewa chetezo chenye jina langu. Siku hizi macho yangu yana ukungu. Zuwena akifukiza udi, naviona vyetezo vyetu kwa harufu tu. Vinauzwa bado, lakini glazi yake si ile. Tangu Lin aondoke asirudi, ile rangi yake ya kijani hakuna alojua kuipika tena.

Macho yalianza kuharibika kule kule tanurini, kabla sijahamishwa. Kisha kikohozi kikavu. Lin alikuwa akiniletea chai ya maua kwenye chupa yake, akinitazama nikinywa.

"Mtu wa maji hakauki," akisema. "Moto ungekufungua. Kwa nini unakukausha?"

Kila asubuhi akihesabu pingili zake upya. Asubuhi moja nilimkuta amekaa juu ya ndoo ya glazi, mikono imelala mapajani, hahesabu chochote.

"Nassor," akasema, "mie nimezeeka. Hesabu hii baba yangu alinifundisha, na babu yangu alimfundisha yeye, na sasa kwangu imekufa. Nakuhesabu wewe, haitoki. Kama kwako nimekosea, basi kote nimekosea."

Nilikuwa tayari kumwona amenikasirikia. Kumwona vile sikuwa tayari.

"Hukukosea," nikamwambia. "Tarehe si yangu. Karani aliiandika. Mie nimezaliwa masika."

"Masika nini?"

"Mvua. Mwezi wa nne. Kila kitu kinaota, mpaka ukutani."

Kidole gumba kikapita juu ya pingili, taratibu, mara moja tu.

"Mti," akasema.

Kisha akanitazama macho yangu haya, moja baada ya jengine.

"Miaka tisa nimetia mti motoni."

"Ni mie n'lonyamaza, Lin. Si wewe."

Akavua glavu zake akaziweka juu ya tanuri, moja juu ya nyengine. Akamimina chai ilobaki kwenye kikombe, akaniwekea karibu na mkono. Akatoka. Nilimfuata mpaka mlangoni. Jua lilikuwa kali, macho yangu hayakuvumilia, nikaona shati lake jeupe tu likipita baina ya malori kuelekea getini. N'lidhani anakwenda kuvuta pumzi. Nikarudi ndani, nikaingoja chai ipoe, nikamngoja na yeye.