Binti niliyempa sifuri leo tuisheni

Jamani, leo nimeumbuka mchana kweupe!

Likizo hii nafundisha hesabu watoto wa hapa Heru Juu. Leo nimewapa maswali matano ya kugawanya.

Kuna binti kahamia kwa shangazi yake juzi tu, katokea Burundi. Kaandika kila kitu kinyume! Namba ya kugawanyia kaiweka kulia, jibu chini yake.

Sikusoma hata majibu. Kalamu nyekundu, sifuri. Wenzake wakacheka.

Akasema taratibu, “Mwalimu, kwetu tunagawanya hivyo. Naomba uangalie majibu.”

Nikaangalia.

Yote sahihi!

Tena la nne, nililowafanyia ubaoni wakati wa kusahihisha, nimekosa MIMI, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu!

Nikampa chaki. Akaanza kwa kufuta la kwangu.

Semeni ukweli, kesho naingiaje pale?