Baharia Alipopiga Deki Nyumbani

Jumamosi nilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga mahindi hapa Bondeni. Wanaume tulikuwa wawili tu. Mbele yangu mke wa baharia, ambaye mumewe amekuja likizo kutoka Mombasa, alikuwa akiwasimulia wenzake.

"Kumekucha tu, amemwaga maji ndoo nzima, anapiga deki kama kule kwa meli. Na nyumba yangu ni ya udongo! Hata kuku alikwama matopeni."

"Ukafanya nini?"

"Nilimletea mavi ya ng'ombe kwa karai. Nikamwambia, nyumba hii haioshwi, hupakwa. Umeiharibu, itengeneze. Nimemwacha amepiga magoti, anapaka."

Yule mwanamume mwingine, mzee aliyevaa koti kuukuu la askari, akashindwa kuvumilia. "Mwanamume mzima kupaka sakafu! Haoni aibu?"

Mama akageuka polepole, debe la mahindi kichwani halikutikisika. "Mzee, kule kwa meli anasugua sakafu akiamriwa na mwanamume mwenzake, na haoni aibu. Kwangu aone aibu ya nini?"

Mzee akaanza kufunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja.

Nilipofika nyumbani nilimuuliza mke wangu karai liko wapi. Alinishika paji la uso, aone kama nina homa.