Penseli ya Chuma na Njia ya Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza kazini, Old Korogwe, sikupewa ramani wala mnyororo wa kupimia. Nilipewa penseli nichonge. Mpima Mkuu wetu, mtu mfupi wa kaptula iliyopigwa pasi ikapigika, aliiangalia ncha yangu, akaivunja kwa kidole gumba, akanirudishia.

"Chonga tena."

Nilichonga mpaka saa sita. Nilikuwa nimeshuka kutoka Bungu na cheti changu cha darasa la nane, najiona msomi, na siku ile nilitamani kulia.

Kazi yangu ilikuwa mchoro wa uwandani, yaani picha ya mkono inayoonyesha kisima kiko wapi na kilima kiko wapi, kabla mchoraji wa ofisini hajaipiga wino. Uwandani wino ulikuwa marufuku, maana manyunyu kidogo tu yanaharibu kazi ya wiki nzima. Mpima Mkuu alikuwa na amri moja aliyoirudia mpaka ikatuchosha: "Usiondoke kabla hujamsomea mchoro mwenye mahali." Unasimama na mzee wa pale, unaweka kidole kwenye karatasi, unataja kitu kimoja kimoja, naye anakubali au anakataa.

Alipostaafu aliniachia penseli yake ya chuma, ya enzi za Wazungu. Hiyo haichongwi. Ndani unaweka risasi tupu, kile kijiti cheusi kinachoandika, na ukizungusha kitako inasogea mbele. Shida yake ni kwamba ilitaka risasi nene, nazo zilikuwa zimekwisha madukani. Zilizokuja ni hizi za kisasa, nyembamba, zikapwaya mle ndani kama mguu wa mtoto kwenye buti la baba yake. Niliumiza kichwa. Mwishowe nikachukua karatasi ya rangi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikaizungushia risasi mara tatu, nikaisukuma ndani. Ikashika! Nikatamba ofisi nzima.

Kisha nikahamishiwa Handeni, wakati wa kuanzisha vijiji vya Ujamaa. Afisa Ardhi wa huko alikuwa mtu wa mbiombio. Tulipokwenda Kwedizinga kupima kijiji kipya, mfugaji mmoja, Mzee Lemali, alinitembeza mwenyewe kwenye njia ya ng'ombe iendayo lamboni, yaani kwenye bwawa lao la kunyweshea.

"Chora hapa," akaniambia. "Mkifunga hii, ng'ombe zangu watakunywa wapi?"

Nikachora. Katikati ya mstari nikahisi chuma kinakwaruza karatasi. Risasi ilikuwa imerudi ndani. Nikajiambia nitaukoleza baadaye. Lakini lori likaanza kupiga honi, nikakunja karatasi, nikapanda. Sikuukoleza, wala sikumsomea mzee.

Baada ya wiki mbili Mzee Lemali aliingia ofisini kwetu, vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Vigingi vyenu viko katikati ya njia yangu, na kesho kutwa watu wanaanza kujenga."

Afisa Ardhi akafunua ramani ya wino. "Mzee wangu, ramani haina njia hapo."

"Huyu nilimwonyesha kwa miguu yangu."

Afisa akanigeukia. "Ulionyeshwa?"

Niliogopa, siwafichi. Mke wangu alikuwa mja mzito na kituoni nilikuwa mgeni. Ningesema sikumbuki, yangeishia pale, na mzee angerudi kwa ng'ombe wasio na maji. Nikaenda kabatini, nikatoa karatasi ya uwandani, nikaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Palipoonekana peupe palikuwa na mkwaruzo mwembamba, umenyooka mpaka lamboni.

"Njia ndiyo hii," nikasema. "Risasi ilirudi ndani. Niliona, nikapuuza. Wala sikumsomea."

Afisa Ardhi akaikunja ramani ya wino. "Ungesema hujui, ningekuamini wewe. Hilo ndilo linaloniudhi."

Aliniamuru nikang'oe vigingi kwa mikono yangu. Niling'oa siku mbili, Mzee Lemali akinifuata nyuma na fimbo yake. Kilipotoka cha mwisho akasimama mbele yangu.

"Haya, nisomee."

Nikamsomea, kuanzia boma lake mpaka lamboni. Niliona aibu, nikaona na raha.

Baadaye fundi saa mmoja wa Korogwe alinitengenezea kijibomba cha shaba cha kuvisha risasi nyembamba, na penseli haikunisumbua tena hadi nastaafu. Nyinyi vijana mnaopenda kuchorea penseli za zamani, tafuteni kijibomba. Karatasi ya sigara iacheni.

Siku hizi nachora vitu vya nyumbani tu. Juzi nilichora ua wetu, nikamwita mke wangu nimsomee: jiko, mgomba, tangi la maji. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mlango wa banda la kuku hujauweka, baba."

Nilikuwa nimeshaifunga penseli. Nikaifungua.