Ndondocha wa Toleo Jipya

Juzi, nikisubiri gari la kutoka Newala kurudi Masasi, niliingia kibanda cha gemu kuiona ile gemu ya vita iliyopigiwa debe mwaka mzima. Toleo jipya! Tuliahidiwa maadui wenye akili kama binadamu.

Nilichokiona ni mlango. Adui anatoka, anapigwa risasi, anaanguka, maiti inayeyuka. Anatoka mwingine mlango huohuo, sura ileile, ndevu zilezile. Toleo lililopita lilikuwa hivyohivyo, ila mlango ulikuwa wa bluu. Benchi zima tumekodoa macho.

Mama mmoja aliyefuata simu yake iliyokuwa ikichajiwa akasimama kutazama.

"Shikamoo mama," akasema kijana aliyekuwa akicheza, bila kugeuza shingo.

"Marahaba. Huyo si ulishamuua?"

"Huyu mwingine, mama."

"Mwingine ana sura ya marehemu? Na wale waliokufa anawazika nani?"

"Wanapotea wenyewe."

Mama akapiga makofi kwa mshangao. "Kumbe ndondocha!"

Huku kwetu ndondocha ni mtu mliyemlilia mkidhani amekufa, kumbe mchawi amemficha ili amlimie shamba.

"Haswa, mama," nikadakia. "Hawana akili, wanatumwa tu."

Akabinua mdomo kutuelekea. "Hao wa kwenye televisheni nimewaelewa. Nauliza hawa wa kwenye benchi, wanafugwa na nani?"

Nilikuwa nimekalia benchi hilohilo, na gari la Masasi lilishaondoka.