Mama Aliposhuka na Mto wa Kulalia

Siku hizi tunakaa Umm Salal, nje ya Doha, mahali ambapo Ijumaa mchana kelele kubwa kuliko zote ni friji yetu. Jirani ana shamba na mbuzi, lakini hata hao mbuzi wana adabu. Nimezoea, sijapenda. Mimi nimekulia Al Mansoura, Doha kwenyewe, ghorofa ya kwanza juu ya mgahawa, na kwa muda mrefu nilidhani kila sakafu duniani hutetemeka Ijumaa baada ya swala, kama nilivyodhani kila chai duniani ina iliki.

Mgahawa wenyewe ulikuwa mdogo. Meza chache, kiyoyozi chenye kikohozi sugu, jiko ambalo sufuria ya karak, ile chai ya maziwa na iliki, haikushuka juu yake, na kule nyuma kona ya familia: kibanda chenye benchi na pazia la rangi ya kahawia, ili wanawake wakae wale bila kukodolewa macho. Sikuwahi kuona familia humo. Nilichoona ni magunia ya vitunguu.

Mwenye mgahawa alikuwa mtu wa Mombasa, wa makamo, mwenye tumbo lililofika kila mahali kabla yake. Alikuwa dereva wa nyumba ya watu miaka mingi kabla ya kufungua biashara yake. Sote tulimwita Mzee, naye hakupenda.

"Mzee ni babako," aliniambia mara ya kwanza.

"Haya, nikimpigia nitamwambia umemsalimu."

Baba yuko Nairobi na simu huwa hashiki, lakini hiyo ni stori nyingine. Mzee alinitazama, akanitupia hamri la moto nikalidaka kwa mkono mmoja, na tangu hapo nikawa wa mgahawa ule kuliko vitunguu.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Watu wakishatoka kuswali, na wengine wakishatoka kwenye ibada zao, walianza kuingia: walinzi, madereva, wapishi wa hoteli, kina dada wa majumbani waliopata ruhusa ya mchana. Kila mmoja na wimbo wa kwao. Mlinzi mmoja, Mluhya kama sisi, aliwahi kusafiri na isukuti, ile ngoma ndefu ya magharibi inayobanwa kwapani. Aliifunga ndani ya sanduku ikavalishwa mashati yake yote, na uwanja wa ndege walipomuuliza ni nini akasema ni kiti. Wakamwambia akikalie. Akakikalia. Alikuwa akisimulia hivyo kila wiki, na kila wiki alikikalia muda mrefu zaidi.

Mwingine alikuwa Mganda, mpishi wa hoteli, mrefu kama nguzo ya stima, mwenye endingidi, zeze la uzi mmoja. Nilimuuliza kama nyuzi nyingine alikatwa kwenye mshahara. "Nyabo," alinijibu, kwani ndivyo anavyomwita kila mwanamke hata wa darasa la kumi, "wewe una midomo miwili na hujawahi kuimba vizuri." Mimi nilikuwa na kayamba, yaani chupa ya maji niliyoitia dengu za Mzee bila kumwomba. Kwa hiyo nilikuwa mwanamuziki, msinibishie.

Huyo Mganda ndiye aliyetuambia kwamba katika hoteli yake kuna baa, na kwamba jioni moja kila wiki Wazungu hukaa mle pembeni na mazeze yao na filimbi, wakipokezana nyimbo za bibi zao, na meneja wa baa anawapa kinywaji ili wasiondoke. Mimi siwezi kuingia baa, mlangoni wanataka kitambulisho na changu kina picha yangu nikiwa na mapengo. Lakini nilimuuliza wanafanyaje.

"Kama hapa tu," alisema. "Ila wao wana bia na viti vya ngozi, na yule meneja wao haimbi wala hapigi chochote."

Sote tukamtazama Mzee. Hata yeye hakuwa akiimba. Kazi yake ilikuwa kikombe. Alikuwa na kikombe kimoja kilichokatika mkono, na yeye ndiye aliyeamua kiende kwa nani. Ukipewa, unaimba. Ukishaimba ndipo unakunywa. Hakuna anayeimba mara mbili kabla wote hawajapewa, na hakuna anayerukwa, hata kama sauti yako ni ya mlango wa choo. Nilimwona akimpa kikombe dada mmoja mgeni aliyekuja Doha juzijuzi tu, amekaa karibu na mlango kama anayesubiri kufukuzwa. Yule dada aliimba mstari mmoja wa kubembelezea mtoto, akaanza kulia. Mzee hakusema pole. Alimwongezea maziwa. Wiki iliyofuata dada yule aliimba mistari yote, na iliyofuata tena ikabidi tumnyang'anye kikombe.

Sasa tatizo. Tatizo lilikuwa linalala juu ya vichwa vyetu, na mimi nilikuwa nalijua vizuri kwa sababu ndilo lililonizaa.

Mama ni nesi. Miaka ile zamu yake ya usiku wa kuamkia Ijumaa haikubadilika, kwa hiyo Ijumaa mchana ndio ulikuwa usiku wake. Alianza kwa kugonga sakafu na mpini wa mop. Mlinzi wetu wa isukuti akadhani kuna mtu juu anaitikia, akaongeza bidii. Mama akapiga simu ofisi ya majengo. Baadaye akapiga tena.

Mtu wa ofisi akaja, Mwarabu mpole mwenye shati la mikono mirefu na faili kwapani. Aliongea na Mzee kwa Kiarabu, polepole, kama daktari. Mimi Kiarabu changu ni cha shule, lakini nilielewa. Malalamiko mawili yamefika. La tatu likija, ngoma za Ijumaa basi. Mgahawa utabaki, chai itabaki, muziki utaondoka. Mzee akampa mkono kwamba kelele itashuka, maana angefanyaje?

Alipoondoka, mlinzi alijaribu kutania. "Mzee, si mbaya. Utapumzika. Sisi wenyewe tunakunywa chai moja tunakaa mpaka Alasiri, tunakutia hasara."

Mzee alikuwa akifuta meza iliyokuwa safi. "Wiki nzima," alisema, "watu wanaingia hapa wananambia 'karak mbili' na macho yako kwenye simu. Niko hivyo tangu nilipokuwa nyuma ya usukani. 'Peleka, ngoja, rudi.' Ijumaa ndiyo siku ambayo mtu ananiita Mzee."

"Lakini hupendi kuitwa Mzee," nikasema.

"Wewe nyamaza."

Nikanyamaza, jambo ambalo kwangu ni tukio.

Ijumaa iliyofuata tukaanza kuimba kwa kunong'ona. Hebu fikirieni. Watu wazima wamekaa wameinama, wanaimba wimbo wa arusi kama wanapeana umbea. Mganda alikuwa anagusa uzi wake kwa kidole badala ya upinde. Dengu zangu zilipigwa marufuku. Na isukuti ilivikwa blanketi mbili na mto wa kochi, ikabaki mdundo mzito tu, wa ndani kwa ndani. Mlinzi alijisifu: "Hata mende hasikii." Mzee alikuwa akisikiliza dari kuliko wimbo. Kila wiki alinipa sahani ya mahamri na mbaazi nimpelekee mama, "mwambie sista nimemsalimia sana." Yalifika, mengi yake.

Wiki ya pili ya kunong'ona mama akanipigia simu nikiwa chini. "Panda. Sasa hivi."

Nilipanda na maneno yangu tayari. Nilimkuta amekaa kitandani, kitambaa kichwani, macho mekundu, simu mkononi. Nilijua anataka kumpigia nani.

"Mama, hawaimbi hata! Wananong'ona! Wewe unataka wapumue kwa ruhusa?"

"Lala hapa."

"Ati?"

"Lala. Weka kichwa kwenye mto, usikie."

Nililala. Mwanzoni sikusikia kitu. Kisha nikakisikia. Dum. Dum-dum. Dum. Hakuna wimbo, hakuna zeze, hakuna mtu anayecheka. Ni ule mdundo tu unapanda kwenye ukuta, unaingia kwenye mguu wa kitanda, unafika sikioni. Kama mtu anagonga mlango kwa ngumi, anaacha, anagonga tena. Zile blanketi zilikuwa zimeua sauti yote ya juu zikaacha uzito. Tulikuwa tumeichuja ngoma tukampelekea machicha.

"Wodini nikisikia hivyo ni mgonjwa anagonga kitanda," mama alisema. "Sijui mwili wangu nitauambiaje. Unaamka wenyewe, miguu inatafuta viatu. Afadhali zamani nilikuwa nasikia na sauti kidogo, najua ni wimbo. Sasa huko chini mnanong'ona nini? Nakesha natega sikio nishike hata neno moja."

"Kwani wewe hupendi isukuti?"

"Mimi? Kwetu nimelala chini ya ngoma hiyohiyo, mgongoni kwa nyanya, watu wakicheza mpaka vumbi linaingia puani. Sikuwahi kuamka."

Na mimi, kwa kuwa mdomo wangu hufika kabla ya akili, nikasema, "Basi si ushuke ukalale hukohuko."

Ndara ilinipita sikio la kushoto. Ana shabaha mbaya akiwa na usingizi. Kisha akaitazama simu, akautazama mto. Akaiweka simu kwenye meza ndogo. Akauchukua mto.

Sitasahau sura zao tulipoingia. Mama kwa dera la kulalia, leso kifuani, mto kwapani kama mtu wa isukuti. Kunong'ona kulikatika. Mlinzi alisimama kabisa, "Senje," akasema, yaani shangazi, kwa sauti ya mtu aliyefumaniwa. Mzee alitoka nyuma ya kaunta akakosa pa kuweka mikono.

"Sista, wallahi wameshanyamaza. Tunaacha. Tumeacha."

"Nani amewaambia muache?" Mama alikuwa akitafuta mahali kwa macho. Akaona pazia. "Mle ndani kuna nini?"

"Vitunguu."

"Vitoe."

Vitunguu vilitoka mbio. Mama akaingia, akajilaza kwenye benchi, akaweka mto, akavuta pazia. Kutoka ndani ikaja sauti: "Na hiyo ngoma ivueni nguo. Mtu akipiga, apige."

Hakuna aliyethubutu. Mzee alimtazama mlinzi, mlinzi akamtazama Mzee. Mimi ndiye niliyevuta blanketi. Mlinzi akapiga mara moja, kwa vidole, akangoja. Pazia halikusogea. Akapiga tena, kwa kiganja. Mzee akampelekea Mganda kikombe, upinde ukashuka kwenye uzi, na kufika ubeti wa pili nilikuwa nimerudi kwenye dengu zangu na mgahawa mzima unaimba. Nilichungulia pazia. Mama alikuwa amelala mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia unagusa sakafu. Sijawahi kumwona amelala hivyo, kwa kujiachia, kama mtoto wa mtu.

Ikawa desturi. Ijumaa akirudi kazini anaoga, anachukua mto, anashuka. Mzee aliondoa vitunguu moja kwa moja na kuweka godoro jembamba kwenye benchi, akasingizia ni la familia zitakazokuja. Ila bado hakuwa na amani, kwa sababu faili la ofisi lilikuwa bado wazi na yule Mwarabu alisema atapita kukagua.

Alipita. Tulikuwa katikati ya wimbo, isukuti inanguruma mpaka vijiko vinacheza kwenye sahani, mlango ukafunguka, shati la mikono mirefu, faili. Mlinzi aliinyamazisha ngoma kwa mkono wote. Zeze likakata. Nilisikia kiyoyozi kikikohoa. Uso wa Mzee ulishuka wote, na mara hii hakufuta meza yoyote.

"Ulinipa mkono," yule mtu akamwambia, bila hasira, na hiyo ikawa mbaya zaidi.

Hapo pazia likasogea. Kichwa cha mama kikatoka, kitambaa upande, alama za mto shavuni.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza. "Nilikuwa nimelala."

Yule mtu akauliza huyu ni nani. Mzee akamwambia kwa sauti ndogo: ndiye wa juu, ndiye aliyepiga simu. Basi akamgeukia mama kwa heshima na kumuuliza kama bado ana malalamiko.

Hapa lazima nieleze kwamba Kiarabu cha mama kimetoka chote wodini. Anajua kuuliza unaumwa wapi, anajua vuta pumzi, anajua usiogope. Nje ya hospitali hana neno. Alifikiri, akajishika kichwa, akaonyesha juu, kwenye dari, kwetu.

"Fi waja," alisema. Kuna maumivu. Kisha akaonyesha benchi, ngoma, sisi wote, akafuta hewa kwa kiganja. "Hini, ma fi waja." Hapa hakuna maumivu. Na kwa kuwa yule mtu alikuwa amesimama tu ameduwaa, akamwongezea kwa upole wa kazini, "Vuta pumzi. Usiogope."

Kisha akalifunga pazia, na kutoka nyuma yake kwa Kiswahili: "Na wewe, piga!"

Mlinzi alimtazama mtu wa ofisi. Mtu wa ofisi alifungua faili, akasoma kidogo, akalifunga. "Khalas," akasema. Yamekwisha. Mlinzi akaanza, taratibu, halafu si taratibu tena. Mzee alitugeuzia mgongo akakoroga chai iliyokuwa imeshakorogwa, akaikoroga kwa muda mrefu sana.

Yule mtu alipita karibu na kona ya familia akinyata, ilibaki kidogo tu avue viatu. Mlangoni akageuka, akaweka kidole mdomoni kuonyesha anajua kuna mtu amelala, akatuaga kwa kunong'ona. Ngoma ilikuwa imeshika moto. Tuliona midomo tu.