Mchi wa Pili

Juzi nilikwenda sokoni kununua sombe, na binti yangu akanishika kitenge njia nzima kama mtoto anayejifunza kutembea. Ana miaka kumi na minne huyo, na kwa urefu amekwisha kunipita. Tulipofika kwa muuzaji, mashine ya kusagia majani ikawashwa, na mtoto akaruka. "Mama, ile ni nini?" Ni mashine, mama yangu, mashine ya sombe tu. Hatukufika mbali, pikipiki ikapiga mshindo nyuma yetu. "Mama, ile ni nini?" Ni pikipiki, dereva wake hajaipeleka kwa fundi. Mlango wa duka ukabamizwa, akauliza tena. Tangu siku zile risasi zilipoingia mjini mwetu anauliza hivyo kutwa, na mimi najibu kwa sauti ya mtu hodari. Uhodari wenyewe nautoa wapi, usiniulize.

Nyumbani nilifungua ule mfuko wa sombe. Ilikuwa bado na uvuguvugu wa mashine, laini mno, imekuwa uji. Mimi sombe ya mashine siipendi na sitaacha kuisema. Lakini harufu ya majani ya muhogo yaliyopondwa ni ileile, hata mashine haijaweza kuiua, na harufu hiyo ikanipeleka moja kwa moja Majengo, mtaa wa utoto wangu, kwenye kinu cha Mama Jirani. Nikaketi chini jikoni. Acha nikusimulie, rafiki yangu, maana tangu juzi sina raha.

Parseli yetu, kiwanja chetu cha Majengo, ilikuwa na nyumba mbili za mbao zinazotazamana, na katikati uwanja wa makoro, yale mawe meusi ya mlima yanayochana viatu na magoti ya watoto bila ubaguzi. Nyumba moja ilikuwa yetu, Wakatoliki wa kutoka Butembo. Ya pili ilikuwa ya Mama Jirani, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka Maniema na biashara zao. Aliuza vitenge kwenye maduka ya Birere hadi mchana, kisha anarudi, anaswali, anafunga kitenge kibovu kiunoni na kuvuta kinu chake chini ya upenu. Idi ikifika sahani zilitoka kwake kuja kwetu, Noeli zilitoka kwetu kwenda kwake, na hakuna sahani iliyowahi kurudi tupu.

Saa za alasiri mtaa mzima ulikuwa unatwanga. Tu, tu, kutoka huku, tu, tu, kutoka kule, na sisi watoto tulijua nani atakula nini kabla moshi haujapanda. Sombe ya Mama Jirani ilikuwa na mawese mengi na sambaza, vidagaa vya ziwa, na alikuwa mkali juu ya chumvi. Ukionja ukasema "iko muzuri" bila kufikiri, anakuambia toka hapa, muongo weye.

Halafu ukaja mwaka ule mlima ulipomwaga moto. Tulikimbia, tukavuka mpaka, tukarudi. Nyumba zetu mbili tulizikuta zimesimama, moto umepita upande mwingine. Watu walisema tumshukuru Mungu, na kweli tulimshukuru, misa juu ya misa. Lakini ardhi iliendelea kutetemeka kwa majuma. Usiku, mchana, wakati wa kula. Kisha ardhi ikatulia, watu wakaanza tena kucheka na kupigilia mbao. Mimi sikutulia.

Nilikuwa na kikombe cha bati. Nilikitia maji nusu, nikakiweka mbele yangu, nikakitazama. Maji yakifanya duara, ardhi inatikisika, kimbia. Ndiyo ilikuwa akili yangu yote. Nilikula na kikombe, nilifua na kikombe, nilikwenda nacho masomoni huku maji yakilowesha sketi ya yunifomu. Wenzangu wakanipa jina, Madamu Kikombe. Baadaye hata kikombe hakikutosha. Nikisimama mlangoni mwa darasa na kuona lile paa la mabati, moyo ulianza kukimbia, mikono ikawa baridi, mdomo mkavu, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba ninakufa. Nilibaki nje, barabarani, nikinakili masomo kupitia dirisha. Mvua ikinyesha nilirudi nyumbani.

Mama alisali rozari. Shangazi mmoja alisema nina pepo, nipelekwe chumba cha maombi nifungishwe chakula. Papa, baba yangu, alikikamata kikombe siku moja akakirusha kwenye makoro. Nilikwenda nikakiokota, kimebonyea ubavu, nikakijaza tena mbele ya macho yake. Hapo ndipo aliposema neno lake.

"Siwezi kulipia masomo mutoto mwenye anasomea ku barabara. Pasaka ikipita, kama haujaingia ndani ya klasi, utaenda kwa shangazi yako Rutshuru. Utamusaidia kulima maharagi."

Papa yangu hakuwa mtu mbaya, usimwelewe vibaya. Alikuwa na haya, na alikuwa amechoka. Lakini nilimjua, akisema amesema. Mimi nilitaka kuwa mkunga. Nilikuwa nimelitaka hilo tangu nilipoona mdogo wangu akizaliwa, na Rutshuru kwa shangazi hakuna aliyetoka akarudi masomoni. Kwa hiyo sasa nilikuwa na hofu mbili, ya mlima na ya Pasaka, na zilikuwa zikipokezana.

Alasiri moja Mama Jirani aliniita kutoka chini ya upenu wake. "Mutoto, kuya unisaidie. Mukono inaniuma."

Nikaenda na kikombe changu. Kila mtu mzima aliyekiona kikombe kile alikuwa na la kusema. Yeye aliuliza tu, "Utakiweka wapi? Weka hapa, kisimwangike." Akanionyesha ubao uleule ambao kinu kilikuwa kimesimama juu yake. Akanipa mchi mmoja, akashika wa pili. Nilipiga mara moja. Maji yakaruka.

Mama weh! Nilitupa mchi, nikatoka mbio hadi nje ya parseli, nikipiga kelele watu watoke ndani. Nilipogeuka, mtaa ulikuwa umetulia, kuku wanachakura. Mama Jirani alikuwa amesimama palepale na mchi wake, ananingoja.

"Ni weye umeyatikisa," akasema. "Rudi uyatikise tena."

Nikarudi, nikaokota mchi. Nikapiga, maji yakaruka. Nikapiga tena kidogo, yakaruka kidogo. Nikapiga kwa nguvu, yakamwagika. Nilitazama mikono yangu kama naiona kwa mara ya kwanza. Yeye hakuhubiri. Alisema tu sombe haijalainika, tuendelee.

Sasa, kutwanga watu wawili katika kinu kimoja si mchezo. Wako ukishuka, wa mwenzako unapanda. Ukiharakisha, michi inagongana na maumivu yanapanda hadi kwenye kiwiko. Hofu ni kitu kisicho na subira, kwa hiyo niligongana naye siku za kwanza mpaka vidole vikavimba. "Haraka ya nini?" alinikemea. "Sombe iko na miguu? Yako ni yako, yangu ni yangu. Wakati wa yangu, weye unapumua." Hilo alilirudia kila siku. Wakati wa yangu, weye unapumua. Nikajifunza kungoja mchi wake ushuke, na katika kungoja huko pumzi ikaingia yenyewe mpaka chini.

Kila alasiri mkono wake ulimuuma. Tulitwanga sombe ya kwao, ya kwetu, na ya majirani ambao sikujua tumeanza kuwatwangia lini. Kikombe kilikaa palepale kwenye ubao, maji yanacheza, yamejaa vipande vya kijani, hayaniambii lolote. Siku moja aliinua sufuria jikoni, akatazama, akasema sombe inakauka, lete yale maji. Nikampa kabla sijafikiri. Akayamimina yote ndani. Mlinzi wangu wa miezi yote ile akaingia kwenye sombe, na jioni ile tukamla na bugali. Nilicheka mpaka mama yangu akaja kuona kuna nini.

Masomoni, mwalimu wetu wa klasi aliniwekea kiti mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Sikujua nani alikuwa amesema naye; leo namdhania Mama Jirani. Baada ya siku chache alikuwa akija na ufagio, "Inuka nifagie hapo," na kiti kikirudi chini kilikuwa kimeingia ndani kidogo. Mwalimu mzima wa hisabati, anafagia kila asubuhi! Wanafunzi walidhani ameadhibiwa na mkurugenzi wa shule.

Pasaka ilikuwa karibu sana ardhi ilipotikisika tena. Si sana, lakini madirisha yalilia na chaki zikaanguka. Tulikimbia wote, na mimi nikiwa wa kwanza, sitakudanganya. Uwanjani nilikuwa nahema, mikono imekuwa baridi kama zamani. Nikatafuta kikombe, nikakumbuka nimekiacha nyumbani. Basi nikapiga ngumi ya kulia ndani ya kiganja cha kushoto, tu, nikaacha nafasi ya mchi wa Mama Jirani, nikapumua. Tu, nikapumua. Wenzangu walikuwa bado wanalia na kuitana nilipovuka mlango, nikapita kiti changu, nikaketi kwenye benchi la katikati, chini ya mabati.

Papa alikuja mbio kutoka kazini Birere, kiatu kimoja mguuni, kingine Mungu anajua kilibaki wapi. Alinitafuta barabarani mahali pangu pa kila siku, akakuta patupu, akaanza kuita jina langu kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Kisha akaniona ndani, kupitia dirisha. Alisimama pale anahema, ameshika nondo za dirisha. Habari ya Rutshuru haikutajwa tena nyumbani kwetu.

Nikawa mkunga. Wiki ya harusi yangu Mama Jirani alikuja kusaidia kupika, na tukatwanga pamoja kwa mara ya mwisho, ingawa hatukujua ni ya mwisho. Nikamwuliza kwa utani kama mkono ule uliwahi kupona. Akacheka, akafuta jasho.

"Ulifikiri nilikuita juu ya sombe? Ao juu yako? Mutoto, miye niliogopa kupita weye. Nikiwa peke yangu ndani ya nyumba, nilikuwa nasikia mulima unanguruma hata kama haungurumi. Nikitwanga sisikii. Lakini mutu mumoja hawezi kutwanga siku yote. Nilitafuta mutu wa muchi wa pili."

Nilimkumbatia tu, na mikono yangu yenye majani ikamchafua kitenge chake kizuri.

Alihamia Kindu kwa mwanawe, na huko ndiko alikozikwa. Kinu kilibaki kwa majirani, na katika moja ya misimu yetu ya vita, makaa yalipokosekana, kilipasuliwa kikawa kuni. Siwalaumu, watoto walikuwa na njaa. Upenu haupo, nyumba zile mbili zimekuwa moja ya matofali. Lakini kinachoniuma zaidi ni ule mlio wa alasiri. Mtaa mzima ulikuwa unasikika ukipumua kwa zamu, na sasa kila mtu ananunua sombe kwenye mfuko, anafunga mlango, anasikiliza hofu yake peke yake.

Jana nilizunguka Majengo kutafuta kinu. Vijana walinitazama kama nauliza habari za dinosaria. Mwishowe nilikipata kwa bibi mmoja, kuku amekalia mayai ndani yake, na ilibidi tumbembeleze kuku kabla ya kuagana. Michi miwili nilichongesha kwa seremala.

Leo alasiri nilikiweka uwanjani, nikamwita binti yangu. Nikamwambia mkono unaniuma. Alinitazama kwa mashaka, kisha akashika mchi. Tukaanza vibaya, tukagongana, akasema "aï, mama!" nami nikamwambia wakati wa wangu, wewe unapumua. Tulikuwa tumeanza kuelewana pale mshindo uliposikika kutoka upande wa barabara, mzito, na safari hii haukuwa mlango wala pikipiki.

Mchi wake ukabaki juu. "Mama, ile ni nini?"

Nilitafuta ile sauti yangu ya mtu hodari, sikuipata.

"Sijui," nikamwambia. "Zamu yako."

Akatwanga, nami nikapumua.