Ua Lisilotaka Kulishwa

Mke wa mwanangu alileta miche sita ya yale maua ya majani ya rangi ya fedha siku ya Jumamosi, imepangwa ndani ya kreti ya soda kama vifaranga. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua maharagwe. Nikaiangalia. Majani yalikuwa na rangi ya jivu, yamechanika pembeni, yana manyoya kama sikio la mwanambuzi. Kwa macho yangu ya mkulima huo ulikuwa ugonjwa. Mahindi yangu yangetoka na rangi hiyo ningeyang'oa na kuyachoma kabla jirani hajaona.

Nikamwuliza kama yanaliwa. Hayaliwi. Kama ni dawa ya kitu. Si dawa. Kama yananukia. Akacheka kidogo, akasema, "Ni ya kupendeza tu, Mama."

Nimelima kijijini Chepsaita tangu niolewe. Shule niliiacha darasa la tatu, na hakuna mtu wa madarasa mengi aliyewahi kunifundisha jinsi ya kuotesha kitu. Magoti yalipokataa shamba, mwanangu akanileta kwake mjini, Kapsoya, kwa ploti ambayo simiti imefika mpaka kizingiti. Udongo ulibaki mahali pamoja, kipande kati ya ukuta na njia ya gari, hatua zangu kumi na mbili, na mimi sipigi hatua ndefu siku hizi. Udongo mwekundu, laini, umelala bure. Tangu siku ya kwanza nilikitaka hicho kipande nipande saga na managu, mboga zetu za kienyeji. Sikuja mjini kula mboga iliyofungwa kamba shingoni kama mwizi aliyeshikwa.

Huyo binti wa watu akapanda jivu lake hapo hapo.

Yeye ni mwalimu, na kila likizo anarudi chuo kusomea digrii. Agosti ilipofika akafunga mfuko. Alijua vizuri ninachokitaka, maana nilikuwa nimekisema kila siku nikila sukuma wiki ya sokoni. Basi akasimama mlangoni na kuniambia, "Mama, nikirudi nipate yamekufa, hicho kipande ni chako. Yakiwa hai, naongeza mengine mpaka kwa geti."

Mwanangu alikuwa hapo na simu yake. Ndiyo kazi yake nyumbani.

Nilifurahi moyoni. Kazi yangu ilikuwa kukaa tu na kungoja mazishi. Lakini asubuhi yake jirani wa upande wa pili, mama mwenye waridi nne na maneno mia, akachungulia juu ya ukuta akayaona yale maua, akaniona na mimi. Akasema, "Kogo, hayo yatakushinda. Hayo ni ya watu wanaojua maua." Kogo ni nyanya kwa lugha yetu. Aliniita kwa heshima ili anitukane vizuri.

Yanishinde? Mimi ambaye nimeotesha mahindi mwaka ambao mvua ya mawe ilipasua mabati? Sikulala mchana huo. Nikapiga simu Chepsaita, ikaletwa mbolea ya ng'ombe gunia zima, nyeusi, iliyoiva. Nikayalisha yale maua yakavimbiwa. Nikaongeza ile mbolea ya dukani ya kupandia, halafu ile nyeupe tunayoyapa mahindi yakifika magotini. Mwisho nikainama na magoti yangu haya, nikavuta udongo na kuyafunika mashina, kama tunavyofanya mahindi ili upepo usiyaangushe. Mvua ya Agosti ikafanya mengine.

Kabla ya wiki mbili kuisha majani yakaanza kuwa ya kijani. Nikasema, ahaa, yamepona. Kweli nilisema hivyo. Nilidhani nimeponya ugonjwa ambao watu wa nasari ya miche walikuwa wanauuza kando ya barabara bila aibu. Yakarefuka, yakalegea, yakalaliana kama walevi. Nikamwita jirani aje aone.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema nimeyanenepesha yakawa magugu, na kwamba kila mtu anayenunua hayo maua anayanunua kwa sababu ya ile rangi niliyoifukuza.

Siku chache baadaye mashina yakawa meusi pale nilipoyafunika. Ukigusa, yanateleza. Yananuka kama mbwa aliyenyeshewa. Nikayang'oa yote kwa hasira nikayatupa nyuma ya tangi la maji, juu ya rundo la changarawe na matofali mabovu yaliyoachwa na mafundi. Yamekufa, kipande ni changu, na jirani acheke mpaka ameze ulimi.

Karibu mwisho wa likizo nikaenda huko nyuma kumwaga maji machafu. Mizizi yote ilikuwa imeoza, lakini ncha za matawi zilikuwa zimelala juu ya mawe na zilikuwa hai. Nilipovuta moja ikakataa kuja, imeshika changarawe. Na jani jipya lilikuwa na rangi ya jivu, safi, jeupe kuliko siku liliponunuliwa. Hakuna mbolea hapo. Hakuna hata udongo. Mmea gani huu unaokataa chakula na kunawiri kwa takataka? Nimewajua watu wa namna hiyo, lakini mmea sikuwa nimeuona.

Nilisimama pale na beseni. Ningezivuta zote nikazitupa nje ya ukuta, hakuna mtu angejua. Mkono ulifika mpaka karibu. Lakini ningekula saga ile nikijua nimedanganya kwa ajili ya kitu cha kipuuzi namna hii, na jirani angebaki na ushindi wake.

Mke wa mwanangu aliporudi aliona kipande kiko wazi. Akaniuliza, "Yalikufa, Mama?"

Nikamshika mkono nikampeleka nyuma ya tangi. Nikamwambia, "Kwa udongo mzuri niliyaua mimi, kwa kuyalisha. Kwa takataka yameishi. Wewe ni mwalimu, sahihisha."

Aliinama akavuta ncha moja, ikakataa kuja. Halafu akanipa nusu. Hatua sita zangu, sita za maua. Na kwa sababu nilikuwa nimemfundisha kwa mdomo wangu mwenyewe, akaagiza mkokoteni wa changarawe ukamwagwa upande wa maua, juu ya udongo wangu mwekundu, juu ya mbolea ya ng'ombe wangu, nikiangalia.

Saga yangu imefika kiunoni. Wageni wanapiga picha wakisimama upande wa mawe, halafu wanaingia ndani na kumaliza sufuria.

Juzi jirani alikuja kuomba tawi. Waridi zake zimepata wadudu. Nikamvunjia mawili. Akaniuliza nayatunza na nini. Nikamwambia ayadharau, asiyape kitu, hata salamu.